BARAZA YA NYUMBANI: Juu ya Matangazo ya Mahakama



Kila aliyefunga ndoa ya kanisa amepata kusikia jina lake likitangazwa mbele ya watu. Jumapili baada ya Jumapili kasisi husoma kwamba fulani wa mtaa huu ataka kumwoa fulani wa mtaa ule, na mwenye kujua kizuizi na akiseme. Kisha pana kimya kidogo. Watoto hugeuka kumtazama bwana arusi, akina mama hutazamana, halafu ibada huendelea. Wako wadhanio ya kuwa kimya kile ni desturi tu, kama kusafisha koo kabla ya kuimba. Sivyo. Kimya kile ni mlango ulioachwa wazi ili mwenye neno aingie nalo; na mlango ukiisha kufungwa, kuufungua tena ni kazi ya jasho.

Serikali nayo ina milango ya namna hiyo. Walakini tangazo lake halisomwi kanisani. Huchapwa Nairobi kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, katika Gazeti Rasmi la Serikali liitwalo Kenya Gazette, lililoanza kutoka mwaka 1899, nalo hutoka kila Ijumaa. Humo, baada ya habari za vyeo na amri za mawaziri, zimo kurasa nyingi za mahakama, na chini ya kila mahakama majina ya watu waliokufa. Jina la baba yako laweza kuwamo. Laweza kuwamo Ijumaa hii, nawe uko shambani wapalilia mahindi, hujui.

Mwezi huu nataka tuseme juu ya matangazo haya, na hasa yale ya mirathi, kwa kuwa hapo ndipo wajane na yatima wa makanisa yetu wapotezapo mashamba yao. Ya wadeni na ya talaka nitayasema baadaye kwa maneno machache.

Katika kaunti yetu ya Taita-Taveta ziko mahakama Voi, Wundanyi na Taveta, na Mahakama Kuu huketi Voi. Mtu akifa bila wasia, hakuna awezaye kuligawa shamba lake wala kuliuza mpaka mahakama imempa hati ya usimamizi. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Hata mwana wa kwanza hana ruhusa. Hata kaka wa marehemu aliyemlipia karo hana ruhusa. Atiaye mkono katika mali ya marehemu bila hati ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kuwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wengi hushangaa wakisikia haya, maana huku milimani mali ya mfu hugawanywa siku ya kunyoa nywele, mbele ya wajomba, na watu wakala wakaenda zao.

Sasa, mtu akiomba hati, mahakama haiwezi kumpa mara moja. Sharti ombi litangazwe kwanza katika Gazeti la Serikali, na nakala ibandikwe mahali pa wazi katika nyumba ya mahakama. Tangazo lenyewe ni fupi. Maana yake ni hii: fulani, mwana wa marehemu au mjane wake au nduguye, ameomba kuisimamia mali ya fulani aliyekuwa akikaa mahali fulani, aliyefariki tarehe fulani, na mahakama itamtolea hati, isipokuwa mtu atokee na kuonyesha sababu ya kuizuia katika siku 30 tangu tarehe ya kuchapwa. Basi. Mistari michache tu. Shamba halitajwi, ng'ombe hawatajwi, watoto hawatajwi. Asiyejua nyumba ile hawezi kutambua kwamba mistari ile ni chakula cha watu sita.

Mambo haya si mageni kwa msomaji wa Biblia. Boazi alipotaka kulikomboa shamba la Elimeleki hakwenda kulitwaa usiku. Alikwenda langoni pa mji, akawaketisha wazee kumi, akamwita yule jamaa aliyekuwa karibu zaidi kwa damu, akampa nafasi ya kusema ataka au hataki. Tazameni Ruthu sura ya 4. Kila aliyepita langoni siku ile alisikia. Lango la siku zetu ni ukurasa wa gazeti, na katika vijiji vingi hapana mtu aupitiaye.

Nitatunga mfano, wala asitafutwe mtu wa mtaa wetu ndani yake, maana jambo hili laweza kuipata nyumba yo yote.

Mwalimu mmoja afa. Aacha mjane, binti wawili walioolewa, na kijana aliye bado shuleni. Shamba ni ekari 3, nalo limeandikwa kwa jina la marehemu. Hati ya shamba i ndani ya sanduku la mjane, imefungwa katika kitambaa pamoja na cheti cha ndoa. Mjane aona moyo wake umetulia. Hati si iko kwangu? Nani atalichukua shamba na hati iko kwangu?

Ndugu wa marehemu, akaaye mjini, aenda kwa chifu kupata barua ya kuwataja warithi. Chifu ni mgeni katika tarafa ile, naye ajua yale aliyoambiwa. Barua yaandikwa kwamba marehemu hakuacha mke, ila mama yake mzazi na ndugu huyu. Ombi lapelekwa mahakamani. Tangazo lachapwa. Sasa tazameni: kanisani na nyumbani marehemu alijulikana kwa jina la ubatizo na jina la baba yake, lakini katika kitambulisho aliandikwa kwa jina la babu, na herufi moja imekosewa. Hata mwalimu wa shule ya jirani, aliyeliona gazeti lile, hakumtambua. Siku 30 zapita. Hati yatolewa. Baada ya miezi 6 ugawaji wathibitishwa na mahakama, kama sheria ilivyoweka.

Imebaki hati ya shamba iliyo sandukuni. Ndugu yule aapa kwamba imepotea. Msajili wa ardhi atia tangazo jingine katika gazeti lile lile: hati ya shamba nambari fulani imepotea, na siku 60 zikipita bila pingamizi, mpya itatolewa. Siku 60 nazo zapita. Asubuhi moja mjane aona mpimaji na watu wawili wakipigilia vigingi katika migomba yake. Akimbilia sandukuni, aitoa hati, aifungua kitambaa mbele yao. Mpimaji aitazama kwa heshima, kisha amwambia, Mama, karatasi hii imekwisha kufutwa.

Mara mbili mama huyu aliitwa kwa jina la nyumba yake, mbele ya nchi nzima, aje aseme neno. Hakusikia. Mahakama haina njia ya kujua kwamba hakusikia.

Je, alikuwa na njia gani? Alikuwa nazo nyingi kwa kadiri alivyowahi. Katika zile siku 30 angeweza kwenda masjala ya mahakama na kuandikisha pingamizi. Karani angempa fomu, na hati isingetolewa kabla ya hakimu kumsikiliza. Tena kwa haki hakupaswa hata kungojea gazeti, maana sheria humtanguliza mjane au mgane kuliko watu wote katika kuomba usimamizi, na mwenye haki ya nyuma hawezi kupewa hati bila wale walio mbele yake kupewa habari. Ndiyo sababu mtu mwenye hila hufanya kana kwamba mjane hayuko.

Siku 30 zikipita, bado iko nafasi kabla ya ugawaji kuthibitishwa: huleta kiapo cha maandishi cha kuupinga ugawaji. Ugawaji ukiisha kuthibitishwa, nafasi moja hufungwa kabisa, maana mtegemezi wa marehemu hawezi tena kuomba atengewe fungu kwa ajili ya utegemezi wake. Lakini mjane au mtoto aliyefichwa aweza kuomba hati ifutwe, kwa kuwa ilipatikana kwa uongo au kwa kuficha neno lililo kubwa. Kifungu cha 76 charuhusu hivyo wakati wo wote. Ila kuna jambo la kuogopesha. Kifungu cha 93 chasema kwamba mnunuzi aliyeuziwa na mwenye hati, mauzo yake husimama hata kama hati ile yafutwa baadaye. Mahakama mara nyingine zimekataa kifungu hicho kiwe ngao ya hila. Walakini mjane atakuwa ameingia katika kesi ya miaka, na wakili hali majani. Siku ya 20 shauri hili lingemgharimu nauli ya kwenda Voi na ada ya karani. Baada ya mnunuzi kujenga nyumba, laweza kumgharimu ng'ombe wote.

Niseme neno juu ya binti, kwa sababu wazee kadhaa hunitazama kwa jicho la upande nikilisema. Sheria yetu haisemi watoto wa kiume, yasema watoto. Mtu akifa bila wasia akiwa na mjane mmoja, vyombo vya nyumbani huwa vya mjane, na mali iliyosalia hukaa mikononi mwake maisha yake yote, wala hawezi kuiuza ardhi bila idhini ya mahakama. Akiisha kufa yeye, watoto hugawana sawasawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, iliyoketi Eldoret, iliamua shauri la jamaa mmoja aliyeacha wake wawili, wana watatu, binti sita, na shamba la ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa binti kidogo kuliko ndugu zao, kwa kuwa wataolewa. Mahakama ya Rufaa ikakataa sababu hiyo, ikawapa sawa. Katiba ya mwaka 2010 imelitia nguvu zaidi neno hilo. Nanyi mwazijua binti za Selofehadi katika Hesabu sura ya 27, jinsi walivyosimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na mkutano wote, na jinsi shauri lao lilivyokubaliwa. Hawakunung'unika jikoni, walisimama pale shauri lilipokatwa, siku yake.

Twarudi kwa majina, maana hapo kanisa lina kazi yake lenyewe. Tangu Wray wa C.M.S. alipofika Sagalla mwaka 1883, watu wetu wamekuwa na majina mawili na matatu: la kuzaliwa, la ubatizo, la baba, na baadaye la kitambulisho. Katika Gazeti la Serikali utaona mara nyingi jina moja, kisha neno la kusema kwamba pia aliitwa hivi, na pia hivi. Majina yote yasipoandikwa, mali ya mtu yaweza kutengwa naye kama mbuzi asiye na alama. Vitabu vyetu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vyaweza kuonyesha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kwamba mwanamke huyu aliolewa na mtu huyu siku hii mbele ya mashahidi hawa. Kwa hiyo nawasihi walimu na makatekista wenye kutunza vitabu hivi: msiviache juu ya dirisha vikinyeshewa, wala msiandike jina la ubatizo peke yake. Andikeni jina la baba na la nyumbani, na kijiji. Mkiandika mazishi, andikeni jina kama lilivyo katika cheti cha kifo. Hakimu aliye mbali atakisoma kitabu hicho wakati ninyi nyote hamtakuwapo kueleza.

Tena, kila kanisa lina kijana mwenye simu ya kusoma. Gazeti la Serikali lasomwa bure katika mtandao wa Kenya Law, halihitaji kununuliwa. Kijana na atafute kila Jumamosi kurasa za mirathi za mahakama zilizo karibu nasi, na matangazo ya hati za ardhi zilizopotea, ayaandike majina ya watu wa tarafa yetu, na Jumapili yasomwe mahali pa matangazo, baada ya sadaka, pamoja na habari za mikutano. Dakika mbili zatosha. Nimesikia wakisema kwamba hayo ni mambo ya dunia, na kwamba Bwana mwenyewe alikataa kuwa mgawanyi wa urithi kati ya ndugu wawili. Kweli alikataa kugawa. Sijaona mahali alipokataza mjane aambiwe siku ya kesi yake. Nasi hatugawi, twasoma tu jina, mwenye masikio na asikie.

Lakini msomaji na awe mtu wa adabu. Ombi halali la mjane mwenyewe nalo litasomwa, na haifai watu wageuke kumtazama kana kwamba ameiba. Wengi waombao hati waomba kwa haki. Tangazo si mashtaka. Tena anayetaka kuleta pingamizi na aulize kwanza nyumbani, mbele ya wazee wawili wa kanisa, maana mara nyingine jina limeachwa kwa haraka ya karani, wala si kwa hila, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa barua moja. Ila mazungumzo yasizile siku 30. Wako watu wajuao sana kukuita kwenye kikao cha jamaa kila wiki, chai na mandazi, mpaka siku ya 31.

Juu ya wasia nitasema machache, maana nimeulizwa. Watu huogopa kuuandika, wakisema ni kujiitia mauti. Basi wakristo tulioimba juu ya kaburi lililo wazi tunaogopa kalamu. Wasia wa maandishi wataka sahihi ya mwenyewe, na mashahidi wawili au zaidi waliomwona akitia sahihi. Shahidi asiwe mtu wa kurithi. Aliyeandikiwa fungu akiwa shahidi hupotewa na fungu lake, isipokuwa wapo mashahidi wengine wawili mbali naye. Wasia wa mdomo nao husimama, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akifa katika miezi 3 tangu kuusema. Kwa hiyo maneno aliyoyasema baba miaka minane kabla ya kufa, juu ya jiwe la mpaka, hayatoshi mahakamani, hata mkiyakumbuka nyote kwa machozi. Na hata wasia ukiwapo, mahakama huombwa hati, na tangazo hutoka vile vile.

Sasa wadeni. Mnamkumbuka yule mjane wa mmoja wa wana wa manabii, katika 2 Wafalme sura ya 4, ambaye mwia alikuja kuwachukua wanawe wawili kuwa watumwa. Siku hizi mtoto hachukuliwi. Deni la marehemu hulipwa katika mali yake kabla ya warithi kugawana, baada ya gharama za mazishi; isipolitosha, mrithi hadaiwi mali yake mwenyewe, isipokuwa alitia sahihi kuwa mdhamini. Hapo ndipo penye mtego. Wengi wetu tumetia sahihi kwa ajili ya rafiki katika chama cha akiba na mikopo, pasipo kuisoma karatasi, kwa kuwa haya imetushika.

Mtu aliyelemewa kabisa na madeni aweza kutangazwa na mahakama kuwa muflisi, na jina lake huchapwa ili waliomkopesha wajitokeze. Sheria mpya ya mwaka 2015 imelegeza ukali wa zamani kidogo: muflisi huachiliwa baada ya miaka 3 tangu alipoweka taarifa ya mali na madeni yake, asipopingwa; na asiye na mali kabisa, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, iko njia nyingine ya kumwondolea mzigo bila kumfanya muflisi. Lakini kwa watu wa shamba tangazo la kuogopwa zaidi ni la mnada. Aliyeshika ardhi kwa rehani hana ruhusa ya kuiuza siku ile mdeni aliposhindwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamtaka atoe ilani isiyopungua miezi 3, kisha ilani nyingine isiyopungua siku 40, ndipo dalali naye aje na ilani yake ya siku 45. Na ikiwa shamba lile ndilo lenye nyumba ya mume na mke, rehani haina nguvu bila wote wawili kukubali, na mke naye hupelekewa ilani ya kuuza. Mama akiambiwa, tia sahihi hapa ni karatasi ya mbolea tu, na aisome, au aipeleke kwa mwalimu aisome. Dalali akifika na ngoma yake, shauri limekwisha kupita milango mitatu.

Jambo la mwisho ni talaka, nalo naliandika kwa uzito wa moyo. Kanisa lafundisha alichokiunganisha Mungu. Hilo halibadiliki kwa kuchapwa kwa gazeti. Hata hivyo mahakama za nchi huvunja ndoa za Kikristo kwa sababu zilizotajwa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014: uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kumtoroka mwenzi kwa miaka 3 au zaidi, upotovu uliopita kiasi, na ndoa kuharibika hata isiweze kutengenezwa. Mwenye kushtaki ni lazima ampelekee mwenziwe karatasi za kesi mkononi. Akiiambia mahakama kwamba hajulikani aliko, mahakama yaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo katika gazeti la kila siku. Mume aliye Mombasa miaka kumi aweza kuapa kwamba hajui mkewe aliko, na mke yuko pale pale alipomwacha, katika nyumba ile ile, akilea watoto wake na kumwuguza mama yake.

Mke huyo asipojitokeza, kesi yaweza kusikilizwa pasipo yeye, na pamoja nayo mambo ya watoto. Kisha huja la mali. Naye ana la kusema. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 yahesabu kuwa mchango kazi ya nyumbani, malezi ya watoto, kukaa pamoja na mwenzi, kuiangalia nyumba na kulima shamba. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu si kanuni ya kila ndoa. Kila mmoja hupata kwa kadiri mchango wake ulivyothibitishwa. Mke asiyekuwapo mahakamani hathibitishi kitu. Jembe lake halitasema kwa niaba yake.

Matangazo ya namna hii, tofauti na yale ya mirathi, yasisomwe kanisani. Yeye aliyeliona jina la jirani yake na aende jioni, peke yake, amwambie mwenyewe, asimwambie mtu mwingine njiani. Na mama aliyeambiwa asingoje mchungaji arudi kutoka mkutano wa dayosisi. Aende masjala ya mahakama iliyotajwa, kesho yake akiweza, achukue cheti cha ndoa na kitambulisho, na lile gazeti lenyewe, ukurasa wote, asikate kipande chenye jina lake tu. Maana tarehe imechapwa juu ya ukurasa, na karani atahesabu siku zake kuanzia hapo.